Kilomita za Faiba Hazimpi Mtu wa Barani Intaneti

Katika mitaa kadhaa ya Malindi, Barani na Muyeye ikiwemo, nguzo za stima zimebeba mzigo mpya: waya mweusi mwembamba wa faiba, yaani uzi wa kioo wa kubebea intaneti, unaopita juu ya mapaa ya mabati na makuti, na kila baada ya nguzo chache kasha dogo la plastiki lenye matundu yaliyozibwa kwa vizibo vya mpira. Makasha yametundikwa, vijana wa kampuni za intaneti wamepita nyumba kwa nyumba kuandika majina na nambari za simu, kisha kimya. Miezi inapita na ruta, vifaa vya kusambaza intaneti nyumbani, hazijaletwa. Ukiuliza barazani kulikoni, utapewa jibu moja kati ya mawili. Wengine watakwambia tumedanganywa. Wengine, na hawa ndio wengi, watakwambia kila kitu kiko tayari ila kuna mtu mahali fulani amekataa kuwasha.

Majibu yote mawili yanakosea shabaha, na kosa hilo linatugharimu kwa sababu linatufanya tumpigie kelele mtu asiyehusika. Kasha la nguzoni halina cha kuwashwa. Ucheleweshaji unatokea mbali na macho yetu, na unadumu kwa sababu kila mhusika, kuanzia mkandarasi hadi serikali kuu, huhesabiwa kuwa amemaliza kazi yake pale waya unapotundikwa. Hakuna hata mmoja anayedaiwa siku ya huduma kuanza. Mpaka tubadilishe kinachohesabiwa, nyaya zitaendelea kuongezeka juu ya vichwa vyetu na watoto wetu wataendelea kununua bando za saa moja moja.

Tuanze na kilicho nguzoni. Mtandao wa faiba wa majumbani unaotumika zaidi siku hizi, ule mafundi wanaouita GPON, hauna umeme wowote kati ya kituo cha kampuni na nyumba ya mteja. Kituoni kuna mtambo unaotuma mwanga kwenye uzi wa kioo. Uzi ukifika mtaani unaingia kwenye kigawanyio, na mwanga ule mmoja hugawanywa kwa nyumba 32 au 64. Kigawanyio chenyewe ni kioo ndani ya plastiki. Hakina betri, hakina swichi, hakina taa. Kutoka hapo waya mwembamba unaingia nyumbani na kuishia kwenye ruta. Mlango mmoja wa mtambo wa kituoni hupeleka takriban gigabiti 2.5 kwa sekunde, na unaweza kufikia nyumba zilizo umbali wa hadi kilomita 20. Kwa hiyo kumfokea fundi aliye juu ya ngazi Muyeye awashe kasha ni sawa na kuulaumu mfereji wa uani wakati pampu za Baricho hazijaanza kusukuma maji. Kinachongojewa ni mtambo wa kituoni, nao una mahitaji yake: kabati au chumba kisichochemka kwa joto, laini ya stima yenye mita yake, betri za kushikilia stima inapopotea, na njia pana ya kuuunganisha na Mombasa.

Hapo Mombasa uwezo si haba. Kebo za baharini za TEAMS na SEACOM zilifika mwaka 2009, EASSy ikaanza kazi mwaka 2010, na nyingine zimeongezwa tangu hapo. Shida ni kilomita 120 hivi za kutoka huko hadi kwetu, kisha zile chache za mwisho za kuingia mitaani. Barabara kuu ya Mombasa hadi Malindi iko chini ya mamlaka ya barabara kuu, KeNHA. Barabara nyingine za mjini ziko chini ya KURA, za mashambani chini ya KeRRA, na nyingine ni za serikali ya kaunti ya Kilifi, kwa kuwa Katiba imeipa kaunti mamlaka juu ya barabara zake. Nguzo ni za Kenya Power, na anayetaka kutundika waya hutakiwa kupata idhini na kulipia. Kila ofisi ina fomu yake, ada yake na mwendo wake. Waya mmoja usiopita hatua elfu mbili unaweza kuvuka ardhi ya wenyewe watatu. Na barabara ikipanuliwa, kama ilivyo kwa ile ya Mombasa, Mtwapa hadi Kilifi, faiba iliyo ukingoni hulazimika kuhamishwa, na aliyekuwa amemaliza anaanza upya.

Kuna jambo jingine ambalo kampuni hazipendi kulisema hadharani. Mtambo ukishawashwa unaanza kula pesa: stima, kodi ya chumba, malipo ya kila mwezi ya njia ya kwenda Mombasa, na betri. Betri za asidi hupoteza karibu nusu ya maisha yake kwa kila nyuzi 10 za joto zinazozidi 25, na mtu yeyote aliyekaa Malindi mwezi wa Februari anajua kabati la chuma juani linafika wapi. Chumvi ya upepo wa bahari nayo inatafuna vyuma. Basi meneja wa mauzo hupiga hesabu kwamba ni afadhali kungoja hadi wateja wa kutosha wajiandikishe ndipo awashe. Mteja naye, aliyewahi kutoa amana na kuzungushwa, haweki jina wala shilingi hadi aone jirani yake amepata. Kila upande unamngoja mwenzake, na hali hiyo inaweza kudumu mwaka mzima bila ya mtu yeyote kuvunja sheria.

Niliwahi kusimama chini ya nguzo moja Kisumu Ndogo, mtaa wa hapa Malindi, pamoja na fundi kijana wa kibarua. Alifungua kasha, akatoa kifaa cha kupima mwanga, akachomeka. Kioo cha kifaa kikaandika herufi mbili, LO. Ruta ya kawaida ya nyumbani husoma hata mwanga dhaifu wa takriban −27 kwa kipimo cha nguvu ya mwanga, dBm, lakini pale hapakuwa na mwanga wowote. Hakushangaa. Akafunga kasha, akapiga picha kasha na nambari ya nguzo, akaituma kwa simu. Nilipomuuliza picha ni ya nini, alinijibu kwamba ndiyo mshahara wake: analipwa kwa kila kasha lililofungwa likapigwa picha. Habari ya mwanga kufika ni ya watu wengine, na hakuwa anawajua.

Picha ile ndiyo kiini cha ninachokisema. Mkandarasi anaiambatanisha na madai yake ya malipo. Kampuni inaiingiza kwenye ramani na kuhesabu nyumba zilizopitiwa na waya, idadi ambayo wawekezaji na mabenki huitazama kabla ya kutoa mkopo mwingine. Nyumba iliyopitiwa si nyumba iliyounganishwa, lakini kwenye taarifa za biashara tofauti hiyo hupita kimya kimya. Serikali nayo inasema lugha hiyohiyo. Ahadi ya utawala wa sasa ni kilomita 100,000 za faiba na vituo 25,000 vya waifai ya umma. Ni ahadi kubwa na naiunga mkono, lakini tazama vipimo vyake: kilomita na vituo. Kilomita hutimia mtaro ukishafukiwa. Kituo hutimia boksi likishafungwa ukutani sokoni. Ripoti za robo mwaka za Mamlaka ya Mawasiliano hutueleza ni wateja wangapi wa intaneti ya majumbani wako kampuni gani na kwa kasi gani, na hizo ni taarifa za maana sana. Mkaazi wa Barani anayetaka kujua kama mtaa wake umekwama kwenye idhini, kwenye stima au kwenye hesabu za meneja hatapata humo hata mstari mmoja.

Sasa, wanaosema tumedanganywa wana hoja ambayo haifai kudharauliwa. Nguzo ni nafasi, na nafasi inaweza kukaliwa. Kampuni iliyotangulia kutundika makasha mtaani, hata kama hayana mwanga, imeshatia alama. Mshindani akipita akaona nyaya anauona mtaa umekwisha chukuliwa, anaenda kwingine. Kijana aliyekuwa akipanga kununua vifaa vyake na kuwauzia majirani waifai ya shilingi kumi au ishirini anasita, maana anaogopa faiba ikiwaka wiki ijayo atabaki na deni. Mama mwenye duka la kuchapisha karatasi anaacha kujitafutia njia nyingine kwa kuwa ameambiwa ngoja. Vifaa visivyowashwa vinazuia. Mtaa usio na kasha hata moja wakati mwingine una nafuu, kwa sababu watu wake wanajua hawana kitu na wanajipanga. Sisemi kampuni zote zinafanya hivi kwa makusudi. Nasema faida ya kuchelewa ipo, inaonekana, na hakuna kanuni ya mtaani inayoiondoa.

Kampuni zinapojitetea, nazo zina haki yao. Ni kweli kwamba ada za kupitisha nyaya hutofautiana kaunti kwa kaunti na zinaweza kubadilika kwa sheria ya fedha ya kila mwaka. Ni kweli kwamba maombi ya laini mpya ya stima hukaa. Ni kweli pia kwamba waya hukatwa na wachimba mitaro na hata kuibwa na watu wanaodhani ndani mna shaba, kumbe ni kioo. Mwenye kampuni ndogo ya Pwani, aliyekopa benki kuvuta waya hadi Majengo, anaumia kuliko sisi kila mwezi vifaa vinapokaa bure, kwa maana riba haingoji. Ninapowasikiliza hawa ninaamini wengi wao wangependa kuwasha leo. Ndiyo maana sikubaliani na wanaotaka faini kali zipigwe kwa kila kasha lililolala. Faini itamuua mdogo na kumfanya mkubwa abaki kwenye mahoteli ya Casuarina na Watamu, ambako kila nyumba inalipa na hakuna anayebishana.

Hoja dhaifu kuliko zote, ingawa ndiyo nimeisikia mara nyingi kutoka kwa watu wenye elimu, ni ile ya kwamba haya yote yamepitwa na wakati: watu wana simu, setilaiti imefika, na mtu wa Barani hawezi kulipia faiba hata akiletewa. Sehemu ya kwanza inasahau kwamba mnara wa simu nao lazima upate njia ya kupeleka data zake, na minara yenye kazi nyingi hutegemea faiba ileile. Mtaa ukikosa faiba, hata 4G yake hulemewa jioni watu wote wakiwa nyumbani. Sehemu ya pili inasahau kilichotokea Novemba 2024, wakati Starlink, kampuni ya intaneti ya setilaiti iliyokuwa imeingia Kenya Julai 2023, iliposimamisha usajili wa wateja wapya Nairobi na kaunti jirani kwa kuwa nafasi ilikuwa imejaa. Setilaiti hugawa uwezo wake kwa eneo. Inamfaa sana mtu aliye Marafa au Kiunga, aliye peke yake nyikani; kwa mtaa uliobanana kama Kisumu Ndogo itajaa upesi. Sehemu ya tatu, ya uwezo wa kulipa, inaniudhi zaidi. Anayenunua bando ya shilingi 50 kila siku anatumia shilingi 1,500 kwa mwezi, kwa simu moja. Weka simu mbili au tatu ndani ya nyumba moja na utaona pesa ambazo tayari zinatoka Barani kila mwezi kwenda kununua intaneti ya kupimiwa. Wanaoitwa hawana uwezo ndio wanaolipa bei ya juu kwa kila megabaiti.

Na hawalipii burudani peke yake. Huduma za serikali zimehamia eCitizen kwa maelfu. Bima ya afya ya SHA, iliyochukua nafasi ya NHIF Oktoba 2024, ilimtaka kila mtu ajisajili upya, na wengi walijisajili kwa simu au kwenye vibanda vya saiba kwa malipo. Mwenye duka anadaiwa risiti za eTIMS, mfumo wa kielektroniki wa mamlaka ya ushuru. Mwanafunzi anaomba nafasi ya chuo mtandaoni. Serikali ilipoamua mwananchi aifikie kwa njia ya intaneti, ilijitwika wajibu wa kuhakikisha njia hiyo ipo, na kwa mtu wa Muyeye njia hiyo imefika nguzoni ikasimama, hatua chache kutoka mlangoni kwake.

Kuna pingamizi moja zito ninaloliheshimu: ukianza kuwawekea wawekezaji masharti ya tarehe, watakimbia mitaa ya watu wa kipato cha chini. Jawabu langu ni kwamba tarehe iwekwe na kampuni yenyewe. Mwekezaji anapoomba idhini ya kupitisha waya, aandike mwezi anaotarajia huduma kuanza. Kaunti nayo, na wenye nguzo na wenye barabara, wafungwe na tarehe za kujibu, na kila siku watakayochelewesha wao iongezwe kwenye muda wa kampuni. Muda huo ukipita bila ya mwanga na bila ya sababu, asipigwe faini. Apoteze tu haki ya kushikilia nafasi: kampuni nyingine, au kikundi cha wakaazi chenye leseni ya mtandao wa jamii, yaani intaneti inayoendeshwa na wakaazi wenyewe, ambayo Mamlaka ya Mawasiliano imekuwa ikitoa tangu ilipotayarisha utaratibu wake mwaka 2021, iruhusiwe kutumia nguzo zilezile, na hata kukodi ule waya uliolala kwa bei ya haki. Mwenye nia ya kweli hana cha kuhofia hapo. Anayetaka kutia alama tu atafikiri mara mbili kabla ya kununua makasha.

Upande wa pesa za umma ni rahisi zaidi. Wenye leseni za mawasiliano huchangia asilimia 0.5 ya mapato yao ghafi ya kila mwaka kwenye Hazina ya Huduma kwa Wote, mfuko wa kufikisha mawasiliano pasipofikiwa. Pesa hizo zinapokwenda kwenye mradi wa mtaa au wa kijiji, sehemu kubwa ya malipo ya mwisho ingezuiwa hadi shule, zahanati au nyumba zilizotajwa kwenye mkataba ziwe zimetumia huduma kwa miezi kadhaa mfululizo. Hapo mkandarasi atakayekuja Kakuyuni au Msabaha atampa fundi wake kifaa cha kupima mwanga na kumlipa kwa kinachosomwa humo. Picha ya nguzo haitatosha.

Lililo mikononi mwetu leo halihitaji sheria mpya. Kifungu cha 35 cha Katiba kinampa kila raia haki ya kupata taarifa zilizo mikononi mwa serikali, na Sheria ya Upatikanaji wa Taarifa ya mwaka 2016 inaitaka ofisi ya umma ijibu ombi ndani ya siku 21. Wazee wa mtaa wa Barani wanaweza kuiandikia kaunti na kuuliza: ni kampuni zipi zilizopewa idhini ya kupitisha nyaya hapa, lini, kwa masharti gani, na ni maombi mangapi yangali mezani. Majibu yakija, tutajua mara moja kama mlango wa kugonga ni wa kampuni au wa ofisi ya kaunti. Mkutano wa maoni ya wananchi kuhusu mswada wa fedha wa kaunti ni mahali pengine pa kulileta suala hili, kwa sababu ada za nyaya zimo mlemle, na nimeona kwamba ukurasa huo huwa haujadiliwi. Watu hubishana juu ya ushuru wa soko na maegesho, wakaondoka.

Ninasisitiza haya kwa Malindi nikiifikiria Lamu. Faiba ya mitaani ikielekea huko kwa wingi, itakutana na mji ambao Unesco iliuorodhesha kuwa urithi wa dunia mwaka 2001, wenye vichochoro ambavyo punda wawili wakikutana lazima mmoja ajibanze, na kuta za mawe ya matumbawe ambazo kuzigusa kunahitaji kibali cha ofisi ya uhifadhi iliyo chini ya Makavazi ya Kitaifa. Nguzo za kutundikia huko hazitoshi. Waya utapita ukutani, kwenye nyumba ya mtu. Malindi, kasha lililolala linachukiza tu na kuziba nafasi. Mkomani au Langoni, mitaa ya mji wa Lamu, litakuwa limetoboa ukuta wa miaka mia mbili bila ya kumpa mwenye nyumba chochote, na kampuni ya pili itakapokuja kuomba kutoboa tena, ofisi ya uhifadhi itakuwa na haki kamili ya kukataa. Kwa hiyo kibali cha Lamu kinahitaji mambo mawili tangu siku ya kwanza: waya mmoja unaotumiwa na kampuni zote, na tarehe ya mwanga kufika iliyoandikwa karatasi ileile inayoruhusu ukuta kutobolewa.